Barua taka na maradhi ya dhana

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mjuzi wa yaliyofichikana na yaliyo dhahiri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo kwa juu juu laonekana dogo, ilhali limekwisha kuingia katika nyumba zetu na kuvunja udugu. Nalo ni tabia ya kutafuta ujumbe wa siri ndani ya barua na jumbe zisizo na maana zinazotujia kwa njia ya intaneti na simu.

Miaka kadhaa iliyopita, zama ambazo barua pepe zilisomwa katika mikahawa ya intaneti kwa kulipia dakika, mzee mmoja wa msikiti wetu alitujia baada ya swala ya Alasiri akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ni barua pepe aliyoipokea bila kumjua mwenye kuituma. Juu yake palikuwa na tangazo fupi la dawa ambayo hatuoni haja ya kuitaja hapa. Chini yake palifuata maneno ya Kiingereza yasiyoshikana: farasi, dirisha, askofu, sukari, Jumanne, kisha kipande cha hadithi juu ya bibi aliyekuwa akingoja gari la farasi, kisha herufi na namba zilizorundikwa kama mbegu zilizomwagika. Mzee akatuambia: "Someni wenyewe. Mtu hawezi kukaa akaandika hivi bure."

Kumbe kabla ya kutufikia sisi alikuwa ameshaipeleka karatasi ile kwa mpiga ramli. Huyo naye akazihesabu herufi kwa abjadi, akapokea fedha zake, kisha akamwambia kwamba adui yake ni mtu wa damu yake mwenyewe. Aliyemfungulia mzee anwani ya barua pepe alikuwa mpwa wake, kijana aliyekuwa akimsaidia dukani. Basi kuanzia siku hiyo kijana hakukanyaga tena dukani, na mama yake, dada wa tumbo moja na yule mzee, naye akaacha kuja nyumbani kwa kaka yake. Udugu wa miaka hamsini ulikatika kwa sababu ya neno farasi na neno dirisha.

Nani aliyeandika maneno yale?

Ni wajibu wetu kwanza kuujua ukweli wa jambo kabla ya kulitolea hukumu. Barua taka si jambo geni. Mnamo tarehe 3 Mei 1978 mfanyakazi wa kampuni moja ya kompyuta ya Marekani alituma tangazo kwa watu wapatao 400 kwa mpigo mmoja katika ARPANET, mtandao uliokuwa mzazi wa intaneti ya leo, na wengi waliolipokea walichukizwa. Baadaye, intaneti ilipoenea na kutuma barua kukawa karibu bure, matangazo ya namna hiyo yakawa mafuriko.

Mafuriko hayo yaliwafanya wataalamu watafute vichujio. Mwezi Agosti 2002 mtaalamu wa kompyuta Paul Graham alitoa makala yaliyoeleza namna ya kuzichuja barua taka kwa hesabu ya uwezekano, hesabu ambayo asili yake ni kazi ya Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1761. Kichujio cha namna hiyo hakisomi kama tusomavyo sisi. Hulitazama kila neno na kujiuliza: neno hili limezoeleka zaidi katika barua njema au katika barua taka? Neno la dawa au la mkopo wa haraka huongeza shaka. Neno la mkutano wa kesho au la jina la ndugu huipunguza. Kisha hujumlisha na kutoa uamuzi, mfano wa mfanyabiashara mwenye mizani, anayeweka huku na huku hadi ajue upande upi umezidi.

Watumaji wa barua taka nao hawakulala. Walipoona matangazo yao yanazuiwa, wakaziagiza programu zao zirundike maneno ya kawaida kando ya tangazo, maneno ya nyumbani, ya sokoni na ya vitabuni, ili upande wa pili wa mizani uwe mzito na barua ipite. Wengine waliokota vipande vya hadithi za zamani wakavibandika. Wengine walitia herufi ovyo ovyo ili kila barua itofautiane kidogo na nyenzake, kwani vichujio vingine huzikamata barua kwa kuona kwamba zote zinafanana. Hiyo ndiyo asili ya farasi, ya askofu na ya yule bibi aliyengoja gari.

Kwa hiyo mzee wetu alisema kweli pasipo kujua. Maneno yale hayakuandikwa bure. Lakini aliyekusudiwa kudanganywa hakuwa yeye, bali kichujio. Na aliyeyapanga hakuwa mpwa wake, bali programu ya kompyuta isiyomjua mzee wala mpwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, matawi ya San Diego na Berkeley, walichapisha uchunguzi wa barua taka takriban milioni 350 za kutangaza dawa. Katika barua zote hizo, mauzo yaliyofikiwa yalikuwa 28 tu. Mtu anayerusha mawe milioni 350 gizani ili yapige 28 hawezi kuambiwa kwamba amemchagua mtu fulani wa mtaa fulani na kumwandikia fumbo lake.

Siri ya kweli ina kipimo

Huenda msomaji akauliza: je, hakuna kabisa ujumbe wa siri duniani? Upo, na insafu inatutaka tukiri. Mwezi Juni 2010 Marekani iliwakamata watu waliokuwa wakiipelelezea Urusi, na ikaelezwa katika mashtaka kwamba walificha maandishi ndani ya picha zilizowekwa wazi katika intaneti. Hata kuificha habari ndani ya maneno yanayofanana na barua taka kunawezekana, na programu za kufanya hivyo zimekuwapo tangu miaka ya 2000.

Hata hivyo, kuwezekana kwa jambo si kutokea kwake. Inawezekana mtu akaficha kisu ndani ya mkate, lakini hatuchani mikate ya waokaji wote wa mjini. Tena siri ya kweli ina kipimo chake, na Waislamu ni miongoni mwa waliokuwa wa mwanzo kukieleza. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, mwanachuoni al-Kindi aliandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri, ambayo nakala yake ilipatikana Istanbul na kuchapishwa mwaka 1987. Alifundisha kwamba kila lugha ina herufi zinazojirudia sana na herufi zinazojirudia kwa uchache. Basi zihesabu herufi za maandishi ya siri, uzilinganishe na hesabu ya maandishi ya kawaida ya lugha ile ile, na fumbo litaanza kufunguka.

Tuzingatie tofauti iliyopo baina ya hesabu ya al-Kindi na hesabu ya mpiga ramli. Wapeni watu wawili fumbo la kweli na njia sahihi ya kulifumbua, mmoja akiwa Mombasa na mwingine Kigoma, wote wawili watatoka na maneno yale yale. Wapeni wapiga ramli wawili barua moja, mmoja atamtaja mpwa na mwingine atamtaja jirani. Maandishi ambayo kila msomaji huyatolea maana aliyokuja nayo mwenyewe moyoni hayana ujumbe ndani yake. Ni kioo, na anachokiona mtu humo ni hofu yake.

Dhana ilipotuelekea sisi

Ndugu Waislamu, sisi hasa tulipaswa kuujua uchungu wa jambo hili, kwani tumewahi kuwa upande wa wanaodhaniwa. Mwezi Februari 2001 iliandikwa katika magazeti ya Marekani kwamba watu wa Osama bin Laden huficha amri zao ndani ya picha za intaneti. Niels Provos na Peter Honeyman wa Chuo Kikuu cha Michigan hawakubishana kwa maneno. Walizichunguza picha milioni mbili za tovuti ya mnada ya eBay, na hawakupata hata ujumbe mmoja uliofichwa. Tarehe 10 Oktoba 2001, mwezi mmoja baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Condoleezza Rice, aliyekuwa mshauri wa usalama wa Rais wa Marekani, aliviomba vituo vikubwa vya televisheni vya nchi hiyo vijihadhari na kurusha kanda za bin Laden kama zilivyo, kwa hofu kwamba huenda zimebeba ishara za siri.

Kisha yakaja makubwa zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2003 mtu mmoja wa jimbo la Nevada, mwenye kampuni ya programu za kompyuta, alidai kwamba anaweza kusoma namba za siri zilizofichwa katika matangazo ya televisheni ya Al Jazeera, namba zinazotaja safari za ndege zitakazoshambuliwa. Wakubwa waliamini. Mwezi Desemba wa mwaka huo kiwango cha tahadhari kilipandishwa Marekani, na shirika la Air France likalazimika kufuta safari sita baina ya Paris na Los Angeles katika siku za Krismasi. Wafaransa walipoyachunguza matangazo yale wao wenyewe, walifikia uamuzi kwamba hapakuwa na ujumbe wowote. Habari hizi zilikuja kuelezwa kwa urefu katika gazeti la New York Times mwaka 2011. Taifa lenye wataalamu na mitambo ya kila aina lilitikiswa na mtu aliyedai kuona kisichokuwapo, na uzito wa dhana hiyo ukawaangukia wasafiri wasio na hatia na kituo cha habari cha Waarabu.

Lakini, ndugu zetu, insafu haikamiliki mpaka tujitazame na sisi. Baada ya Septemba 2001 ulizunguka ujumbe uliosema kwamba mtu akiandika Q33 NY katika kompyuta, kisha akabadili herufi ziwe za aina ya Wingdings, ambayo huonyesha vijipicha badala ya herufi, atatokewa na ndege, vitu viwili mfano wa majengo, fuvu la kichwa na nyota ya Mayahudi. Ikadaiwa kwamba Q33 ilikuwa namba ya ndege mojawapo iliyogonga minara. Vijipicha vile ni kweli vinatokea. Uongo ni hiyo namba. Ndege nne za siku ile zilikuwa za safari namba 11, 175, 77 na 93, wala hapakuwa na Q33. Aliyeutunga uvumi ule alianza na picha alizozitaka, kisha akatafuta herufi za kuzileta, na kwa njia hiyo akaibambika nyota ya watu wengine juu ya maiti. Sisi tunaochukia kudhaniwa ubaya kwa sababu ya dini yetu tunapaswa kuwa watu wa mwisho kuupitisha uvumi wa namna hiyo, hata unapomhusu tusiyempenda.

Mafunzo ya dini yetu

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 12, tujiepushe na dhana nyingi, akatubainishia kwamba baadhi ya dhana ni dhambi, na papo hapo akatukataza kupeleleza. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 6, ametutaka tuchunguze habari iletwayo na mtu fasiki ili tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Na katika Suratul Israa, aya ya 36, ametukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Naye Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametuonya kwamba dhana ni mazungumzo ya uongo mno.

Wapo watakaosema: mbona hata Qur'ani ina herufi ambazo siri yake hatuijui? Ni kweli, sura 29 zimeanza na herufi za mkato kama Alif Lam Mim. Lakini tutazame adabu ya wanavyuoni mbele ya herufi hizo. Wengi wao walisimama na kusema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi muradi wake, na Ibn Kathir, katika tafsiri yake ya mwanzo wa Suratul Baqara, aliwakosoa waliodai kwamba wanaweza kuzitumia kujulia nyakati za matukio. Ikiwa mbele ya herufi zilizoteremshwa na Mola wa viumbe wote wanavyuoni waliuzuia ulimi, basi vipi sisi tuwe na ujasiri mbele ya herufi zilizomwagwa na programu ya muuza dawa?

Ama kumwendea mpiga ramli, hilo ni balaa juu ya balaa. Imepokewa na Muslim kwamba mwenye kumwendea mwaguzi na kumuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Muumini anajua, kama ilivyobainishwa katika Suratun Naml, aya ya 65, kwamba hakuna mbinguni wala ardhini ajuaye ghaibu isipokuwa Mwenyezi Mungu.

Hatari iliyo wazi

La kusikitisha ni kwamba tunapohangaika na yasiyo na maana, tunapitwa na madhara yaliyo mbele ya macho yetu. Wezi wa mtandao hawahitaji fumbo. Ujumbe ulioenea katika simu zetu, wa mtu usiyemjua anayekuambia ile hela uitume kwenye namba hii, hauna herufi hata moja ya siri, na umewatoa watu fedha za ada na za matibabu. Vivyo hivyo barua ya kukupongeza kwa bahati nasibu usiyoicheza, au kiungo kinachokutaka uandike namba yako ya siri ya benki. Mwizi amesimama mlangoni mchana kweupe, nasi tumeinama tunasoma nyayo za kuku uani.

Kwa hiyo tunazinasihi familia zetu mambo manne.

Kwanza, barua au ujumbe usioeleweka kutoka kwa usiyemjua ufutwe, usijibiwe, wala kiungo kilichomo kisifunguliwe. Kuufuta si kupuuza jambo. Ndiyo hukumu yake.

Pili, asituhumiwe mtu kwa karatasi. Mwenye kuingiwa na wasiwasi aulize kwanza kwa mwenye ujuzi wa kompyuta, na katika nyumba nyingi mjuzi huyo ni kijana yule yule anayetuhumiwa. Amwite, akae naye, amwombe amfahamishe.

Tatu, vijana nao wawe wepesi wa kueleza. Mtume (S.A.W.) alipokuwa akitembea usiku na mkewe Safiyya, wakapita watu wawili wa Ansari, aliwabainishia kwamba yule ni Safiyya, ili Shetani asitie neno mioyoni mwao. Ikiwa mbora wa viumbe alieleza bila ya kuulizwa, haimpunguzii kijana heshima kumwonyesha mzazi wake kilichomo katika simu.

Nne, akitokea ndugu anayeamini kila mara kwamba namba, matangazo ya redio na barua taka vinamzungumzia yeye, hata akakosa usingizi na kuwakimbia watu, tusimcheke wala tusimfungie ndani. Mwaka 1958 daktari wa Ujerumani, Klaus Conrad, aliielezea hali ya mtu kuona maana na uhusiano katika mambo yasiyohusiana kuwa ni dalili ya mwanzo ya maradhi ya akili. Hayo ni maradhi kama mengine. Aombewe dua, asomewe Qur'ani, na apelekwe hospitali, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu.

Tumalizie kwa yule mzee. Siku ile hatukubishana naye. Tulimchukua hadi katika mkahawa wa intaneti, na mwalimu mmoja kijana wa madrasa akamfungulia sanduku lake mwenyewe la barua pepe. Humo mlikuwa na barua za aina ile ile zaidi ya kumi: dawa ile ile, na kila moja ina maneno yake, chungwa na daraja, askari na mvua. Mzee akasoma mbili, akasoma ya tatu, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Hata wewe, mwalimu, una mpwa?" Hakungoja jibu. Alitoka, akaenda moja kwa moja kwa dada yake, akawaomba radhi yeye na mwanawe. Kijana alirejea dukani. Lakini dada yake, kwa jinsi alivyotuambia mzee mwenyewe baadaye, alimsamehe siku ile ile, na ikachukua miezi mingi kabla hajakunywa tena chai kwake bila ya kuitwa. Dhana huingia kwa karatasi moja, na kutoka kwake kuna gharama.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azisafishe nyoyo zetu na dhana mbaya, azilinde nyumba zetu na fitina zilizo wazi na zilizofichika, na aturuzuku ujuzi wa kupambanua baina ya lililo na lisilokuwapo. Amin.

Wabillahi tawfiq.